Mzigo wa Mwindaji Bata



Swali letu la wiki hii limetoka kwa mama mmoja ambaye mwanawe yuko Marekani, katika jimbo la Minnesota, kwa ajili ya kazi. Anasema kijana huyo amealikwa na wenziwe wa kazini kwenda kuwinda bata mwitu. Amemweleza kwa simu kwamba wataondoka usiku wa manane, wataliacha gari kando ya barabara, kisha watakwenda kwa miguu hadi ndani ya kinamasi, kila mmoja na mzigo wake mgongoni. Mama anauliza mambo matatu. La kwanza, huo mzigo ni wa nini, ilhali bata huuawa kwa bunduki moja tu? La pili, je, swala ya alfajiri haitampotea? La tatu, nyama atakayoipata ni halali au si halali? Mwisho wa barua ameongeza kwamba tangu aisikie habari hii usingizi wake umepungua, maana mtoto aliyekulia Mombasa hajui baridi wala kinamasi.

Mama yetu, swali lako lina fiqhi ndani yake na lina uhai wa mtu pia. Kwa hivyo nitaanza na mzigo, kwa sababu mtu hufika kwanza ndipo akawinda.

Hukumu ya uwindaji wenyewe

Kuwinda kwa ajili ya chakula ni jambo lililohalalishwa. Mwenyezi Mungu ametaja mawindo katika Suratul Maida, aya ya 4, na katika sura hiyo hiyo akawakataza waliomo katika ihramu kuwinda mawindo ya nchi kavu. Lisilopendeza ni kuua kiumbe kwa mchezo na kumwacha aoze. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba hata ndege mdogo atamshtaki kwa Mola wake yule aliyemuua bure bila manufaa. Ametutahadharisha pia kwamba anayeyafuata mawindo hughafilika. Maonyo haya mawili mwindaji ayatie moyoni kabla hajatia kitu mfukoni.

Hapa petu nyumbani mambo ni mengine. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikalikaza katazo hilo. Asije kijana yeyote akasoma makala haya kisha akaingia delta ya Tana au mlango wa mto Sabaki na manati au bunduki. Kuitii sheria inayolinda maslahi ya watu ni katika uaminifu wa Mwislamu.

Kule Minnesota sheria inaruhusu, lakini kwa masharti mazito. Mwindaji hutakiwa kuwa na leseni ya jimbo. Aliyefikia umri wa miaka 16 hutakiwa pia kuwa na stempu ya serikali kuu ya kuwindia ndege wa majini, ambayo ilianzishwa mwaka 1934. Mtu aliyezaliwa baada ya mwaka 1979 hutakiwa awe amesoma mafunzo ya usalama wa silaha. Na hapa nawausia wazazi wenye watoto huko: sheria ya serikali kuu ya Marekani inawazuia wengi wa walioingia kwa viza ya muda kushika silaha ya moto, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, na leseni halali ya kuwindia ni katika ruhusa hizo. Basi kijana asiishike bunduki ya rafiki yake, hata kwa kujaribu, mpaka amemwuliza mwanasheria wa mambo ya uhamiaji. Asubuhi moja ya bata isije ikamgharimu makazi yake.

Kwa nini waende kwa miguu

Fedha za ile stempu hutumika kununua na kuhifadhi ardhi ya majimaji, ambako bata hutaga na kulea. Ukizitazama utaona zina mfano wa wakfu: mtu hutoa kidogo, ardhi ikabaki kwa ajili ya vizazi. Ardhi nyingi za namna hii, pamoja na zile za jimbo, haziruhusu gari kupita nje ya barabara. Gari huachwa kwenye kiwanja kidogo cha maegesho, na kuanzia hapo ni miguu. Pengine ni mwendo wa dakika 10, pengine ni kilomita 2 katika matete, matope na giza.

Yako manufaa katika taabu hiyo. Pahala ambapo gari halifiki, watu huwa wachache na bata hutulia. Lakini kila hatua ya ziada huupima mzigo upya. Kitu kilichoonekana chepesi mlangoni pa nyumba huwa kizito katikati ya matope.

Mzigo una nini

Sasa mama, nikuhesabie. Bunduki inayotumika ni ya marisau, nayo ina uzito wa kilo 3 au zaidi kidogo. Sanduku moja la risasi 25 hufika kiasi cha kilo 1. Suruali ya mpira iliyounganishwa na buti, inayofika kifuani ili maji yasimwingie mtu, huwa na kilo kadhaa. Kisha kuna bata wa bandia. Hawa ni wa plastiki, hutiwa majini waelee, na kila mmoja hufungwa kamba yenye kipande cha chuma ili asichukuliwe na mkondo. Bata walio angani wakiwaona hudhani ni wenzao, wakashuka. Dazeni moja ya hao, pamoja na vyuma vyao, ni kilo 7 au 8. Ongeza wavu wa kujifichia, kigoda, taa ya kichwani, chupa ya chai, maji, chakula na nguo za akiba. Jumla hukaribia kilo 20 bila ya mtu kutambua.

Wazee wetu wa misafara waliotoka pwani kwenda bara walijua hesabu hii kwa mabega yao. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, naye alikuwa mtu aliyezoea kazi hiyo. Kijana anayekaa ofisini wiki nzima si mpagazi. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, basi haifai mtu kujikalifisha mwenyewe kwa kuwatazama wenzake.

Kwa hivyo ushauri wa kwanza ni kupunguza. Dimbwi dogo halihitaji bata wa bandia 24. Nusu dazeni huweza kutosha. Watu watatu wakienda pamoja hawahitaji chupa tatu za chai wala nyavu tatu. Wakae usiku wa kuamkia safari, watandaze vitu sakafuni, wagawane: huyu abebe wavu, huyu abebe chakula, huyu abebe bata wa bandia. Mtume (S.A.W.) amewaelekeza wasafiri wakiwa watatu wamteue mmoja wao awe amiri. Amiri wa safari kama hii kazi yake ni kuamua njia, kugawa mzigo, na kusema "turudi" pale wengine wanapoona haya kulisema neno hilo.

Namna za kuubeba

Vifaa vya kubebea ni vingi, na kila kimoja kina pahala pake.

Mfuko wa wavu wenye mikanda miwili ya mabega ndio wa kawaida. Uzuri wake ni kwamba maji huchuruzika. Ubaya wake ni kwamba bata wa bandia huchezacheza ndani yake na mzigo ukamvuta mtu nyuma. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, vyepesi vikae nje. Mama zetu waliobeba mitungi kwa kata wanaijua siri hii bila ya kufundishwa: mzigo uliotulia ni mwepesi kuliko mzigo unaotikisika, hata uzito ukiwa sawa.

Kifaa cha pili ni sahani ndefu ya plastiki, mfano wa hori dogo lisilo na makasia, ambayo huburutwa kwa kamba. Juu ya matope, majani yaliyolala, barafu au theluji huteleza vyema, na mtu mmoja huweza kuvuta mzigo ambao asingeuweza mgongoni. Kwenye maji mafupi huelea ikafuata nyuma. Lakini kwenye ardhi kavu yenye mawe huwa ni adhabu. Anayeivuta asiifunge kamba kiunoni kwa fundo gumu. Akiteleza majini na sahani ikamfuata, ni lazima aweze kujifungua kwa mkono mmoja.

Cha tatu ni kigari cha magurudumu mawili, ndugu yake mkokoteni wa mahamali wetu wa Mombasa. Kwenye njia kavu hakina mfano. Kikifika kwenye matope, gurudumu huzama na mwenye kigari huanza kukibeba kigari chenyewe. Kwa hivyo baadhi yao hukitumia mpaka ukingoni, wakakiacha hapo, kisha wakamalizia kwa mgongo.

Na njia ya nne, ambayo wengi huidharau, ni kwenda mara mbili. Mtu hubeba nusu ya mzigo, akarudi kuchukua nusu nyingine. Muda huongezeka, lakini mwili husalimika. Tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alimkemea mwenye ngamia aliyemtumikisha mno na kumnyima chakula. Ikiwa mnyama ana haki ya kutochoshwa kupita kiasi, basi na mwili wa mwanadamu una haki juu ya mwenyewe.

Jasho, maji na giza

Hatari iliyo kubwa kwa mtu wa pwani ni ile asiyoitarajia, nayo ni jasho. Kijana wetu ataogopa baridi, atavaa nguo zote tangu garini, atatembea nusu saa na mzigo, na atafika amelowa ndani. Kisha atakaa kimya katika matete kwa saa tatu. Hapo lile jasho hupoa, likageuka kuwa baridi iliyomkumbatia mwili. Wajuzi wa kule hufanya kinyume: huanza safari wakihisi ubaridi kidogo, koti zito likiwa mfukoni, wakalivaa baada ya kufika na kujifuta. Fulana ya pamba hulowa na haikauki upesi, kwa hivyo iliyo karibu na mwili iwe ya sufi au ya kitambaa kinachokauka haraka. Na ikiwa njia ni ndefu na kavu, ile suruali ya mpira hubebwa juu ya mzigo, ikavaliwa ukingoni.

Hatari ya pili ni maji. Maji ya kinamasi cha Minnesota mwezi wa Novemba yanakaribia kuganda. Mtu akitumbukia ghafla, pumzi humkatika na viungo hufa ganzi katika dakika chache, hata akiwa ni mwogeleaji hodari wa Likoni. Kwa hivyo mkanda wa kiunoni wa ile suruali ya mpira ufungwe barabara ili maji yasijae ndani upesi. Kabla ya kuingia majini, vishikizo vya mfuko vya kifuani na kiunoni vifunguliwe, mzigo ubaki mabegani tu, ili akianguka uweze kutoka. Fimbo itangulie kupima kina kabla ya mguu. Jaketi la kuokolea maisha si dalili ya woga. Bunduki iwe haina risasi na iwe ndani ya mfuko wake muda wote wa kutembea, kwani anayeteleza gizani hachagui mdomo wa bunduki utaelekea wapi.

Hatari ya tatu ni upweke. Mtume (S.A.W.) ametubainishia kwamba lau watu wangelijua yaliyomo katika upweke, asingelikwenda msafiri usiku peke yake. Basi asiende pekee. Amwachie mtu wa nyumbani habari tatu: gari litaachwa wapi, wataingia kwa upande gani, na watarudi saa ngapi. Ikipita saa hiyo bila ya habari, yule aliyebaki ajue la kufanya.

Na hapa kuna jambo ambalo wageni wa kazi hii hulisahau: mzigo haupimwi kwa kwenda, hupimwa kwa kurudi. Kwenda mtu ana nguvu, ana hamu, na vitu vyake ni vikavu. Kurudi amechoka, bata wa bandia wamelowa, kamba zimejaa matope, na Mungu akimruzuku, ameongeza bata wa kweli. Bata wa aina ya mallard, ambaye dume lake lina kichwa cha kijani, hukaribia kilo 1 na zaidi. Sheria humruhusu mtu bata 6 kwa siku kwa kawaida, na ndani ya hao kuna mipaka ya aina kwa aina. Kwa hivyo zile kilo 20 huenda zikawa 27 au zaidi, wakati ambapo mtu ana nguvu kidogo kuliko alizotoka nazo. Mwenye busara hubeba wakati wa kwenda mzigo anaojua ataweza kuurudisha.

Swala ya alfajiri

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote. Sheria yao huruhusu kupiga bata kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Tazama, mama, ilivyoangukia: ni ndani ya wakati wa alfajiri, na ndiyo dakika wanayoingojea kwa hamu kuliko zote. Mwishoni mwa Oktoba jua la Minnesota huchomoza baada ya saa moja na nusu asubuhi, na alfajiri huingia zaidi ya saa nzima kabla ya hapo. Wakati upo na ni mpana. Anayeikosa swala hapo hakukosa nafasi. Ameghafilika, na ndiyo ghafla ile tuliyotahadharishwa.

Mpango wake ni huu. Atawadhe nyumbani, kisha avae soksi na buti akiwa na tohara kamili. Buti linalofunika mguu mpaka juu ya kifundo, lisilopitisha maji na linaloweza kutembelewa, limekusanya sharti za khofu. Udhu ukimtenguka, atatawadha na kupangusa juu ya buti badala ya kuosha miguu, muda wa mchana na usiku mmoja kwa aliye mkaazi. Hili ni rehema kubwa kwa mtu aliyevaa mpira hadi kifuani kwenye baridi. Akishafika ukingoni atue mzigo kwanza, atandike kipande cha plastiki mahali pakavu, aelekee kibla, ambacho kutoka Minnesota kipo upande wa kaskazini mashariki, aswali, ndipo awatie bata wake majini. Awaambie wenzake mapema, kwa upole, kwamba atahitaji dakika kumi. Watu waungwana hawamkatalii mwenzao dakika kumi, na huenda wakamheshimu zaidi.

Nyama yenyewe

Swali la tatu lina matawi, nami nitayapitia kwa ufupi kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, nikitaja na wengineo panapohitajika.

Kwanza ni kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kupiga. Kwetu ni sunna iliyotiliwa mkazo, na kwa maimamu wengine ni wajibu. Basi asiliache kabisa.

Pili ni namna ya kuua. Katika hadithi ya Adiyy bin Hatim, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alipambanua kati ya silaha iliyotoboa kwa ncha yake, mawindo yake yakaliwa, na iliyopiga kwa ubavu ikaua kwa uzito, mawindo yake yasiliwe. Wanavyuoni wakatofautiana juu ya risasi. Vitabu vya wanavyuoni wetu wa Kishafi vimekaza sana katika jambo hili. Imamu Shaukani, na wengi wa wanavyuoni wa zama hizi, wameona kwamba risasi hutoboa na kupenya, kwa hivyo mawindo yake ni halali. Anayefuata kauli hiyo hatumlaumu. Lakini iko njia ya kutoka katika khitilafu: amkimbilie bata aliyeanguka, na akimkuta na uhai ulio imara amchinje. Hapo haibaki shaka kwa madhehebu yoyote. Na akimkuta yu hai kisha akamwacha afe kwa kuwa hakuchukua kisu, basi si halali, kwani upungufu umetoka kwake.

Kwa hivyo katika mzigo wote ule wa kilo 20, kitu cha lazima kuliko vyote kwa Mwislamu ni chepesi kuliko vyote: kisu kikali cha chuma, kifungwe kiunoni, kisizikwe chini ya mfuko.

Tatu ni kuanguka majini. Katika mapokezi ya hadithi hiyo ya Adiyy, Mtume (S.A.W.) alimkataza kula windo alilolikuta limezama, kwani hajui kama ni maji yaliyoua au ni mshale. Imamu Nawawi ameeleza kwamba ndege wa majini aliyepigwa akiwa juu ya maji, kisha akafa hapo, ni halali, kwa kuwa maji kwake ni kama ardhi kwa ndege wengine. Ama aliyepigwa nje ya maji kisha akayaangukia, wanavyuoni wa madhehebu wana kauli mbili. Aliye na jeraha la kumuua papo hapo hana tatizo.

Nne ni mbwa. Wengi wa wawindaji wa kule huenda na mbwa aliyefundishwa kuwaleta bata kwa mdomo. Kuwinda kwa mbwa aliyefundishwa kumeruhusiwa, lakini kwetu sisi pahala alipouma huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nguo na mikono iliyopata mate yake vivyo hivyo.

Tano ni bata aliyepigwa na mwenzake. Mawindo ya Ahlul Kitabi hukumu yake ni kama kichinjo chao. Asiye Ahlul Kitabi wala Mwislamu, mawindo yake hayaliwi. Basi bata wasichanganywe mfukoni. Kila mtu abebe wake, na hata sheria ya kule humtaka kila mmoja ajulikane na idadi yake.

Jikoni, akina mama, ninyi ni walimu wetu. Niseme machache tu. Bata asifungiwe kwenye mfuko wa plastiki akiwa bado na joto. Aning'inizwe apoe, atolewe matumbo mapema, na damu ioshwe kabla hajatiwa maji ya moto ya kunyonyolea. Wakati wa kusafirisha, sheria ya kule hutaka kichwa au bawa moja lenye manyoya libaki mwilini, ili aina yake ijulikane. Marisau ya risasi nyeusi yamekatazwa kwa ndege wa majini Marekani nzima tangu mwaka 1991, kwa sababu ya sumu yake. Yanayotumika zaidi sasa ni ya chuma, nayo huvunja meno. Nyama ipapaswe vizuri kwa vidole kabla ya kutiwa tui la nazi.

Kwa wazazi wenye watoto mbali

Tusiwakataze vijana wetu kila jambo geni kwa sababu tu ni geni. Anayekatazwa bila ya maelezo hufanya kwa siri, na kinamasi si mahali pa siri. Tuwaulize kwa utulivu: mtakwenda wangapi? Nani amiri wenu? Mzigo ni kilo ngapi? Mtaswali wapi? Kisu kiko wapi? Ikiwa majibu yapo, tuwaombee dua ya safari na tuwakumbushe wapige simu wakishafika garini. Ikiwa majibu hayapo, basi safari hiyo bado haijaiva, naye atajua mwenyewe kwamba haijaiva bila ya kugombezwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu katika nchi kavu na majini, awaruzuku kilicho halali na kizuri, na asitubebeshe tusichokiweza. Wabillahi tawfiq.